Kamio ya Kazi na ya Familia: Tuchague Ipi, na Tuitengeneze Vipi?

Katika toleo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo liko midomoni mwa watu wengi hapa Nakivale tangu mavuno yaliyopita. Ni habari ya familia kadhaa kuchanga pesa na kununua gari ya mizigo, yaani kamio, ambayo itafanya kazi siku za kazi na kubeba watu wa nyumbani siku ya safari.

Hili si jambo la anasa. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023, ukapunguzwa tena mwaka 2025. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia ambazo zilikuwa zimeshafunga masanduku zikarudi kushika jembe. Kila mwenye shamba anajua uchungu wake: mahindi tunayo, maharage tunayo, lakini mwenye kamio ndiye anayepanga bei. Akisema leo hatoki, gunia linalala nje. Akisema bei ya kubeba imepanda, imepanda.

Kwa upande wa sheria, tuko mahali pazuri. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea, ya kufanya kazi na ya kuwa na mali inayohamishika. Ndugu zetu walioko kambi za Tanzania hawawezi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo habari hii kwao itakuwa ya siku watakaporudi nyumbani. Nao tunawaandikia.

Kuna kikundi kimoja cha akiba hapa kwetu, familia kumi na mbili, Wakongomani na Warundi, ambao wameweka pesa kwa misimu minne. Walipofika mahali pa kununua, walituomba sisi walimu wa darasa la jioni tuwasaidie kupiga hesabu na kusoma makaratasi. Tukaenda nao kuona magari, tukakaa na madereva, tukawauliza mafundi wa Mbarara maswali mpaka wakatuchoka. Haya tunayoandika ndiyo tuliyojifunza pamoja nao.

FUSO AU CANTER?

Ubishi ulianza siku ya kwanza. Wababa walitaka Fuso kubwa, gari ya heshima. Wamama walitaka gari yenye viti. Sababu ya wamama ni hii: mara nyingi mama ndiye anayesindikiza magunia sokoni, kwa maana yeye ndiye anayejua hesabu yake. Naye akisindikiza anakaa juu ya magunia, mtoto mgongoni, vumbi usoni, kilometa kama 60 mpaka Mbarara.

Kwanza tuelewane majina. Hapa watu wakisema "Fuso" wanamaanisha lori kubwa kidogo, na wakisema "Canter" wanamaanisha lori dogo. Kumbe zote mbili ni za kampuni moja ya Kijapani, Mitsubishi Fuso. Canter inatengenezwa tangu mwaka 1963. Lile lori la kati tunaloliita Fuso jina lake kiwandani ni Fighter. Isuzu nao wana Elf, ambayo ni ndogo, na Forward, ambayo ni ya kati. Toyota wana Dyna, nayo ni ndogo.

Ukisikia fundi akitaja 4D33, 4HF1 au 6D16, usiogope, ni majina ya injini. Namba ya kwanza ni idadi ya silinda. 4D33 ni ya Canter, silinda nne, lita 4.2. 4HF1 ni ya Isuzu Elf, silinda nne, lita 4.3. 6D16 ni ya Fuso, silinda sita, lita 7.5. Mafundi wetu wanazipenda injini hizi za zamani kwa sababu pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma tu, bila kompyuta. Injini mpya zinaendeshwa na kompyuta. Zinatoa moshi kidogo, lakini zinachukia dizeli chafu, na zikisumbua zinataka mashine ya kuzipima. Kabla ya kununua gari ya namna hiyo, ulizeni: fundi mwenye mashine hiyo yuko wapi, na ni kilometa ngapi kumfikia?

HESABU YA DARASANI

Tuliandika ubaoni mifano miwili. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Kila kikundi kiweke zake.

Mfano wa Canter. Tuseme inabeba magunia 32 ya kilo 100, na kila gunia linalipiwa shilingi 6,000. Hiyo ni shilingi 192,000 kwa safari. Kwenda na kurudi Mbarara ni kilometa 120. Kama inakula lita moja kwa kilometa 6, ni lita 20. Kwa shilingi 5,000 kila lita, dizeli ni 100,000. Dereva na tanboi 40,000. Akiba ya tairi, oili na matengenezo 30,000. Inabaki 22,000.

Mfano wa Fuso. Tuseme inabeba magunia 80. Mapato ni 480,000. Inakula lita moja kwa kilometa 4, yaani lita 30, shilingi 150,000. Dereva na tanboi 50,000. Akiba ya matengenezo 60,000, kwa sababu tairi zake na vipuri vyake ni vya bei zaidi. Inabaki 220,000.

Hapo wababa walipiga makofi. Tukawaambia: ngojeni, tufute magunia 50. Fuso ile ile ikipata magunia 30 tu, mapato ni 180,000. Toa dizeli 150,000, toa dereva na tanboi 50,000. Mmeshaingia hasara ya 20,000, na ya tairi bado hamjaweka.

Basi tukauliza: familia kumi na mbili zinavuna magunia mangapi kwa msimu? Wakahesabu, wakapata kama 300. Kwa Fuso ni safari nne tu. Kisha gari itakaa ikingoja mizigo ya watu wengine. Kwa Canter ni safari kama kumi, na nje ya msimu ni rahisi kuijaza.

Jambo la pili tuliloliona ubaoni: zile 22,000 za Canter ni kidogo kwa sababu gari imerudi tupu. Ikirudi na sukari, sabuni, sementi au mabati ya wenye maduka wetu, kila shilingi ya mzigo wa kurudi inakuta dizeli imeshalipwa. Kwa hiyo kabla ya kununua gari nendeni kwa wenye maduka, muulize kila mmoja analeta mzigo mara ngapi kwa mwezi. Msipopata mzigo wa kurudi, afadhali kwanza kukodi kwa pamoja.

KABINI MOJA AU KABINI MBILI

Canter, Elf na Dyna zinapatikana pia zenye kabini mbili, yaani safu mbili za viti. Zinabeba watu sita au saba pamoja na dereva, kila mmoja ndani, mlango umefungwa. Hii ndiyo gari inayoweza kuitwa ya kazi na ya familia.

Lakini kila kitu kina bei yake. Kabini ya pili inachukua nafasi ya bodi na inaongeza uzito. Na watu nao ni mzigo. Watu sita wa kilo 70 ni kilo 420, ambazo ni magunia manne na zaidi. Kwa hiyo mwenye kabini mbili akubali toka mwanzo kwamba atabeba magunia machache kuliko jirani mwenye kabini moja.

Ulizeni pia kama kabini inainuka. Kabini moja ya lori hizi huinuliwa mbele, na fundi anaiona injini yote. Baadhi ya kabini mbili haziinuki, na fundi anafika kwenye injini kwa kufungua viti. Si ubovu, ila kazi inachukua muda zaidi, na fundi atawalipisha muda huo.

Angalieni mikanda. Gari nyingi zina mikanda ya mbele tu, au ya nyuma imekatwa. Mkanda mpya unafungwa kwa bolti zenye kipande cha chuma kinene upande wa chini. Ukifungwa kwenye bati jembamba, siku ya ajali unang'oka pamoja na bati lake.

KUIKAGUA GARI KABLA YA KUTOA PESA

Muuzaji akijua mnakuja saa nne, atawasha injini saa tatu. Mwambieni mnataka kuikuta imelala. Mkifika, gusa injini kwa mkono. Kama ina moto, kaeni chini mngoje ipoe. Gari iliyochoka inajificha ikiwa na moto, na inasema ukweli ikiwa baridi.

Ikiwaka, tazameni moshi. Moshi mweusi unaoendelea maana yake dizeli haiungui vizuri. Huenda ni filta ya hewa imeziba, huenda ni pampu au nozeli. Moshi wa bluu ni oili inaungua ndani, na dawa yake mara nyingi ni kufungua injini. Moshi mweupe wa asubuhi ukiisha baada ya dakika chache, si neno. Usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua, kimbieni. Fungueni kifuniko cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Injini ikiunguruma, kifuniko kikiwa wazi na pumzi inatoka kwa nguvu kama sufuria inayochemka, ringi zimekwisha.

Halafu ingieni chini ya gari. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanaona aibu kwa sababu ya nguo. Vaeni nguo za shamba. Fuateni chesisi kutoka mbele mpaka nyuma, kwa tochi hata kama ni mchana. Tafuteni mahali palipochomelewa, palipopigwa rangi mpya pekee yake, au penye ufa, hasa karibu na vishikio vya springi. Chesisi iliyovunjika ikaungwa inaweza kutembea miaka ikiwa tupu, ikavunjika tena siku ya magunia.

Someni namba iliyogongwa kwenye chesisi na muilinganishe na ya kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi. Isipolingana, hakuna bei nzuri itakayoifanya ilingane.

Tairi nazo zina siku ya kuzaliwa. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye miaka zaidi ya kumi isibebe familia, hata kama meno yake bado yanang'aa. Mpira unazeeka hata ukiwa umesimama.

Mwisho wa ukaguzi, iendesheni ikiwa na mzigo, na mtafute mlima. Gari tupu kwenye lami haijawahi kumkosea mtu.

BODI: MBAO AU CHUMA?

Kama gari imekuja na bodi ya Kijapani, fupi na ya kufungua pande tatu, watu wengi wanataka kuipandisha. Mafundi wa bodi wako Mbarara, na Kampala wako wengi upande wa Katwe. Kabla ya kwenda, mjue mnachotaka, la sivyo fundi atawatengenezea alichozoea.

Bodi ya mbao ni nyepesi, na ubao ukivunjika unabadilishwa hata hapa kijijini. Inataka rangi na inaogopa mvua. Bodi ya chuma inadumu, lakini ni nzito. Ikiongeza kilo 300 juu ya ile ya zamani, mmepoteza magunia matatu kila safari, maisha yote ya gari. Wengi wanachanganya: nguzo za chuma, kuta za mbao. Sisi tuliona hiyo ndiyo inayofaa kwa barabara zetu za udongo mwekundu.

Mambo manne msikubali kuyaacha:

Kwanza, bodi ifungwe kwenye chesisi kwa yu-bolti, na kati yake pawekwe ubao mgumu. Fundi asitoboe wala asichomelee mbavu za juu na za chini za chesisi. Tundu moja tu mahali hapo ni mwanzo wa ufa.

Pili, anapochomelea chochote kwenye gari, waya za betri zifunguliwe kwanza. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua altaneta, na kompyuta kama ipo.

Tatu, nyuma ya kabini pawekwe ukuta wa chuma wenye nguvu, uliofungwa kwenye bodi, wenye kimo cha kabini. Dereva akipiga breki ya ghafla magunia yanakuja mbele. Kwenye kabini mbili, anayekaa mbele ya magunia hayo ni mtoto wako. Kama pesa ya kutengeneza ni kidogo, ukuta huu uje kabla ya rangi na maandishi.

Nne, ndoano za kufungia kamba ziwe nyingi, pande zote mbili, na zishikwe na chuma cha chini, si ubao. Matao ya turubai yawe ya kutoa, ili siku ya mizigo mirefu yatolewe. Na turubai iwe ya gari. Shitingi ya nyumba upepo wa njiani unaipasua kabla hamjafika lami.

SPRINGI, BREKI NA NATI

Kila mtu anashauri kuongeza majani ya springi ili gari ibebe zaidi. "Gari iko na nguvu," wanasema. Tuliwauliza mafundi, nao walikubaliana: springi ikiongezwa, gari hailali tena, lakini ekseli ni ile ile, fani ni zile zile, na breki ni zile zile. Gari inaonekana imebeba vizuri, kumbe haiwezi kusimama. Uzito halali umeandikwa kwenye bamba na kwenye makaratasi. Toa uzito wa gari na bodi yake, toa uzito wa watu, kinachobaki ndicho mzigo. Kama bodi imebadilishwa, pimeni gari tupu upya kwenye mizani. Msitegemee namba ya Japani. Na mkienda Kampala mkumbuke mizani ya serikali iko njiani, kama ile ya Lukaya.

Canter nyingi zina breki za oili zinazosaidiwa na upepo wa kuvuta kutoka kwa injini. Injini ikizimika kwenye mteremko, msaada huo unakwisha haraka na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ndiyo maana dereva asizime injini wala kuweka gia huru ili "kuokoa mafuta" akishuka. Lori nyingi za Kijapani zina pia breki ya ekzosi, ile inayowekwa kwa mkono karibu na usukani, ambayo inaziba moshi ili injini yenyewe ishike gari. Kwenye gari nyingi kuukuu imekufa, na mwenye gari hajali. Itengenezeni. Dereva ashuke na gia ile ile ambayo angepandia, na breki za miguu ziguswe kidogo tu.

Nati za magurudumu zina siri. Kwenye lori nyingi za Kijapani za zamani, nati za upande wa kushoto zinafungwa kinyume, na zimegongwa herufi L. Za kulia zina R. Tanboi asiyejua anaweza kukata bolti zote akidhani anafungua. Gurudumu likibadilishwa, nati zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

UMEME NA REDIO

Lori hizi mara nyingi zina umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa. Vijana wetu wanapenda kuchukua waya kwenye betri moja ili wapate volti 12 za redio na za kuchaji simu. Betri hiyo moja inaisha, nyingine inajaa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa. Nunueni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12. Bei yake ni ndogo kuliko betri moja.

Pesa ya taa za mapambo iende kwanza kwenye taa za nyuma, taa za breki na reflekta: nyekundu nyuma, nyeupe mbele. Lori lililoharibika usiku bila alama yoyote linaua watu wa basi linalokuja nyuma. Wekeni pembetatu mbili, kizima moto, sanduku la dawa, jeki yenye uwezo wa gari, na vipande viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu.

MAKARATASI NA DAFTARI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kamio ya watu kumi na wawili bila daftari inapotea na undugu wenyewe.

Kabla ya kununua, kikundi kiandikishwe ofisi ya maendeleo ya jamii, ili kiwe na jina mbele ya serikali. Umiliki ubadilishwe siku za mwanzo, usibaki kwa jina la muuzaji. Bima ya mtu wa tatu ni lazima. Dereva awe na permi ya daraja la lori, si ya gari ndogo, na muione kwa macho yenu.

Kwenye mkataba wa kikundi andikeni maswali ambayo watu wanaona haya kuyauliza. Familia ikipata safari ya kwenda nchi ya tatu, au ikirudi nyumbani, hisa yake inalipwa vipi, na kwa muda gani? Mwenzetu akifa, hisa inakwenda kwa nani? Gari ikipeleka mgonjwa usiku, nani analipa dizeli? Kikundi tulichokuwa nacho kilibishana juu ya swali hili la mwisho jioni tatu. Wakakubaliana kwamba mgonjwa na mama wa kujifungua wanapelekwa kwanza, dizeli inatoka kwenye mfuko wa kikundi, na mwenye mgonjwa anarudisha nusu baada ya mavuno. Wakaandika, wakatia sahihi na dole gumba.

Kwa wanaofikiria kurudi na gari nyumbani siku moja: Uganda, Kenya na Tanzania tunatembea upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Kongo, Rwanda na Burundi wanatembea upande wa kulia. Dereva wa usukani wa kulia akiwa huko haoni mbele anapotaka kupita gari nyingine. Kwa bima ya kuvuka mipaka kuna Kadi ya Njano ya COMESA. Lakini kabla ya kuvuka na chochote, ulizeni ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia wakimbizi na UNHCR, ili safari isiharibu karatasi zenu za ukimbizi.

SIKU YA SAFARI NA WATOTO

Hakuna mtu juu ya magunia. Tunajua ni neno gumu, kwa maana sisi wote tumefika hapa tumekaa juu ya mizigo. Lakini mzigo ulio juu unaifanya gari iwe nyepesi kupinduka kwenye kona, na anayeketi juu yake ndiye wa kwanza kurushwa.

Hakuna watoto waliolala chini ya turubai nyuma. Moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia chini ya turubai, mtoto analala, haamki. Angalieni bomba la ekzosi halijatoboka, na mdomo wake uelekee mbali na kabini.

Dizeli ya akiba, sumu ya wadudu na mbolea zisikae ndani ya kabini pamoja na watu. Mzigo mzito uwekwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, mwepesi juu. Na kila baada ya saa mbili gari isimame: watoto wakojoe, dereva anyooshe miguu, tanboi aguse nati na tairi kwa mkono. Gurudumu lenye moto kuliko wenzake lina shida ya breki au fani.

MASWALI KUMI YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Tutabeba magunia mangapi kila mwezi, si wakati wa mavuno tu?
2. Tutarudi na mzigo gani?
3. Je, tumeikuta injini ikiwa baridi?
4. Je, namba ya chesisi inalingana na kadi?
5. Je, chesisi ina mahali palipoungwa?
6. Tairi zimezaliwa mwaka gani?
7. Je, breki ya ekzosi inafanya kazi?
8. Vipuri viko wapi, na nani anajua kuifungua injini hii?
9. Kila msafiri ana kiti na mkanda?
10. Baada ya kununua, imebaki pesa ya tairi mbili na dizeli ya mwezi mmoja?

Lile la kumi liliwagusa wengi. Pesa ikiisha yote siku ya kununua, gari itasimama mara ya kwanza itakapopasua tairi, na mtaanza kukopa kwa yule yule mliyekuwa mnamkimbia.

Kikundi chetu bado hawajanunua. Wameamua Canter ya kabini mbili, chesisi ndefu, injini ya pampu ya zamani, bodi ya nguzo za chuma na kuta za mbao. Wameikataa moja iliyokuwa na rangi nzuri sana kwa sababu ya ufa wa kidole kimoja karibu na springi. Muuzaji alisema ni ufa mdogo. Mama mmoja alijibu kwamba hata mtoto wake ni mdogo. Sasa wanasubiri nyingine, na wakati huo wanakodi kwa pamoja, wakiandika kila safari kwenye daftari.

Wanaotaka kupiga hesabu kama hii waje darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, na daftari na kalamu. Wababa, msiwaache wamama nyumbani; wao ndio wanaojua idadi ya magunia. Tunawatakia nyote msimu mwema.